Niliona, niliambiwa, nimesoma: kuratibu watu wa bustani za kale

Mtu akitaka kujiunga na kundi letu la kuziandika bustani za kale, swali lake la kwanza huwa halihusu miti. Huuliza posho. Siku hizi namjibu kabla hajauliza: nauli ipo, bando lipo, chai na chapati mkishinda kazini zipo, posho haipo. Wapo wanaousoma ujumbe huo na kulihama kundi kimyakimya, na siwalaumu. Tumezoea semina ambazo mtu husaini mahudhurio asubuhi na bahasha jioni, kiasi kwamba anayekuita kazini bila bahasha unamdhania ama tapeli, ama mtu aliyepewa fedha na mfadhili akazikalia. Mfadhili hatuna. Tunachangishana, na mwezi ukiwa mbaya hata bando hukatika.

Kazi yenyewe ni kuziandika bustani za kale za Tanzania, kila moja na miti yake, njia zake, mifereji yake na watu walioipanda na kuitunza, kabla hazijageuka maegesho ya magari. Tanga tuna mwalimu mstaafu wa baiolojia. Bagamoyo yuko kijana anayetembeza watalii. Moshi yuko dada aliyesomea mipango miji na bado anatafuta ajira. Ujiji yuko fundi cherehani. Unguja wapo wanawake wawili, mtu na shangazi yake. Dar es Salaam niko mimi, mratibu, yaani mpiga simu, mkumbushaji, mbembelezaji, na msomaji wa fomu usiku watu wa nyumbani wakiwa wamelala.

Kwa nini bustani, watu huniuliza, wakati magofu yenyewe yanaanguka? Kwa sababu gofu lina pa kushika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalitambua jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863, na inautambua hata mlango wa mbao uliochongwa kabla ya mwaka 1940. Bustani haikutengewa mstari wake. Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, ile iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa mwaka 1893 na Profesa Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyekuwa akijaribisha mazao ya biashara. Kwa hesabu ya 1863, imechelewa miaka thelathini. Waziri anaweza kulitangaza eneo likalindwa, lakini na yeye anahitaji karatasi mezani ya kumweleza pale pana nini. Karatasi hiyo ndiyo tunayohangaika nayo. Bustani ile imemegwa kidogo kidogo, na mwenye haraka zake anakatiza Samora bila kujua kwamba ndani mna mnazi wa Shelisheli, ule unaozaa mbegu kubwa kuliko zote duniani.

Wenzetu wa Nairobi wameshaonja vita hii. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na mwaka 1991 wakazi wakakataa Bustani ya Jeevanjee, ya tangu 1906, isifanywe jengo la maegesho na maduka. Walioitetea Jeevanjee walikuwa na historia mkononi: nani aliitoa, na aliitoa kwa ajili ya nani. Mtu asiye na hayo mkononi anabaki kusema tu kwamba anapenda kivuli.

Fomu yetu ina kurasa mbili na safu tatu. Safu ya kwanza ni Niliona, ya pili Niliambiwa, ya tatu Nimesoma. Kila jambo linaloandikwa lazima liingie mojawapo, na likiingia Niliambiwa, jina la msimulizi na umri wake viandikwe kama ameridhia. Likiingia Nimesoma, iandikwe nani kaandika, lini, na alikuwa wapi alipoandika. Kwa maoni yangu safu hizi ndizo mradi wenyewe. Mengine yote, picha, ramani, vipimo, yanaweza kufanywa tena na mtu mwingine mwakani. Ila jambo la kuambiwa likishachanganywa na la kuona, hakuna atakayeweza kulitenganisha tena, msimulizi akiwa ameshatangulia mbele za haki.

Nililazimika kuwa mkali kwa sababu wanaojitolea kwa kazi hii ni watu wanaopenda bustani, na anayependa husifia. Fomu zinakuja zimeandikwa, "Bustani hii ni ya kale sana na ina mandhari ya kuvutia na upepo mwanana." Narudisha: upepo mwanana upo safu gani? Mtu ananuna siku mbili, halafu anarudi bustanini na daftari, na fomu ya pili inakuja na mwembe mmoja uliopigwa radi upande wa mashariki, kisima kilichofukiwa, na ngazi za mawe zisizokwenda popote. Hiyo naiweka. Upepo haujawahi kurudi.

Bagamoyo ndiko safu zilikopata mtihani wake mzuri. Kwenye Misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, kuna mbuyu mnene uliomeza mnyororo. Kijana wetu huusimulia mbuyu huo kwa watalii kwa pumzi moja: bibi wa Kifaransa, Madame Chevalier, alikuwa akifunga punda wake pale, akaondoka, mti ukanenepa, mnyororo ukamezwa. Nikamwomba aikate hadithi vipande vitatu. Akakaa nayo. Kwenye Niliona akaandika: pingili chache za chuma chenye kutu zinatokeza kwenye gome, gome limevimba juu na chini yake mfano wa midomo, mnyororo uliobaki hauonekani. Kwenye Niliambiwa: punda, Madame Chevalier, na jina la mzee aliyemfundisha hadithi hiyo alipoanza kutembeza wageni. Kwenye Nimesoma: mwaka wa kuanzishwa misheni, na maandishi ya kibao.

Akanipigia simu analalamika. "Umenivunjia stori, bosi." Nikamwambia ajaribu kuwasimulia watalii hivyo hivyo, kwa vipande. Baada ya wiki kadhaa akanitumia ujumbe wa sauti, anacheka: wageni wanasogea karibu zaidi na mti kuliko zamani, kwa sababu ukishamwambia mtu hiki kinaonekana na hiki kinasimuliwa, anataka kukiona mwenyewe kile kinachoonekana.

Kuupima mbuyu ule ni kazi nyingine. Kanuni ni kuzungusha kamba mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua cha mtu wa kimo cha kawaida. Kwa mwembe ni rahisi. Mbuyu una mikunjo, vitako na mabonde, na ukizungusha kamba inavuka mashimo hewani, unapima upepo badala ya mti. Tumekubaliana kwamba kamba inyooshwe, isisukumwe ndani ya mikunjo, na picha ipigwe ikiwa bado imefungwa ili anayekuja baadaye aone tulipitisha wapi. Fundi wetu wa Ujiji ametuonyesha njia ambayo sasa wote tunaitumia. Futi yake ya kushonea haifiki popote kwenye mti mkubwa, kwa hiyo anazungusha kamba ya katani, anaibana kwa pini mahali ncha zinapokutana, anaitandaza chini, ndipo anaipima kwa futi pande kwa pande, akitia alama ya chaki. Ana mkono wa kazi. Vipimo vyake havijawahi kunitia shaka.

Yeye ana miembe ya Ujiji, pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Mwembe wenyewe haupo; iliyopo inasemwa ni vizazi vyake. Neno "inasemwa" alilipigia mstari mwenyewe, bila kuambiwa. Wazee watatu aliowahoji walimpa majibu matatu juu ya mti upi ulitoka kwa upi, naye akayaandika yote matatu, kila moja na mwenyewe. Mratibu akipata mtu wa namna hiyo anashukuru Mungu na hamsumbui tena.

Kuna jambo moja ambalo fomu haikuliweka na linakula muda kuliko yote. Katika nchi hii, mtu asiyejulikana akionekana na futi kamba na daftari, watu hawafikirii historia. Wanafikiria alama ya X. Kila mtu ana ndugu aliyeamka akakuta X nyekundu ukutani, barabara inapita, na fidia ikabaki hadithi. Kwa hiyo mjitoleaji wetu hatoi futi mfukoni kabla ya salamu, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kabla ya barua ya utambulisho kusomwa kwa sauti na kupigwa muhuri. Jirani anayechungulia dirishani naye aelezwe. Na hapa Dar, kwa wanaokwenda Bustani ya Mimea na mitaa ya karibu yake, sheria yangu ni fupi: Ikulu haiko mbali, hivyo kamera ielekezwe kwenye mti tu, na mlinzi akisema toa simu, unatoa, unasema shikamoo, unaonyesha barua. Hatubishani na mwenye bunduki kuhusu urithi wa taifa.

Amani ni habari ndefu, na ningeweza kuandika juu yake pekee. Ukitoka Muheza unapanda, joto linaachwa nyuma, na unafika kwenye milima ya Usambara Mashariki ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo na baiolojia mwaka 1902. Stuhlmann yuleyule wa Dar ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza. Walileta mimea kutoka kila bara. Vita ya Kwanza ilipofunga bahari, Amani ilitengeneza kwinini kwa magome ya miti yake yenyewe. Waingereza wakaichukua, wakahangaika na ugonjwa wa batobato wa mihogo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikawa jina la utafiti wa malaria. Mwaka 1997 eneo likatangazwa hifadhi ya mazingira asilia.

Mwalimu wetu wa Tanga anaijua historia hii kwa mpangilio, na safu yake ya Nimesoma ilijaa hadi pembeni. Safu ya Niliambiwa ilikuwa na mistari miwili. Hapo ndipo tulipovutana, kwa adabu, maana ni mtu mzima na alinifundishia kaka yangu. "Mwalimu, shikamoo. Naomba uniongezee wasimulizi." "Marahaba. Wasimulizi wa nini? Kila kitu kimeandikwa." Nikamwambia kilichoandikwa kimeandikwa na waliotoa amri ya kupanda. Nataka waliochimba mashimo, au watoto wao. Alinyamaza, nikajua amekasirika. Kisha akaenda akakaa na mzee mmoja ambaye baba yake alifanya kazi kwenye vitalu enzi za Mwingereza. Mzee hakujua jina hata moja la Kilatini. Alijua mche gani ulikuwa unakufa ukimwagiwa maji jioni, alijua njia ya vibarua ilipita wapi kabla ya barabara, na alimwonyesha Mwalimu mstari wa mawe ndani ya kichaka, mpaka wa kitalu ambao Mwalimu alikuwa ameupita mara nyingi bila kuuona. Mstari ule sasa uko kwenye safu ya Niliona. Ulipitia kwanza kwenye kuambiwa.

Swali lililotusumbua zaidi Amani ni la mpaka. Fomu inauliza: bustani inaishia wapi? Kuna mti uitwao mhesi, wenyeji wake halisi ni magharibi kuelekea Ziwa Victoria na Uganda, ulioletwa Usambara kupandwa. Hondohondo wanakula matunda yake, wanaruka, wanadondosha mbegu msituni, na mhesi umesambaa mbali sana na ulikopandwa, ukijaza kila pengo lililoachwa na miti iliyokatwa. Kwa hiyo Mwalimu akiwa amesimama kilomita kadhaa kutoka kwenye vitalu, chini ya mhesi, yuko ndani ya bustani au nje? Mwenzetu mmoja alipendekeza tuandike mpaka wa ramani na tusonge mbele. Mimi nilikataa. Tumeandika mipaka miwili: wa karatasi, na wa ndege.

Na kwa kuwa tunazungumzia Usambara: lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima, ambalo Wajerumani wanaliita kwa jina la milima yetu, lilichukuliwa huku mwaka 1892 na mkuu wa wilaya ya Tanga wa wakati huo, Walter von Saint Paul-Illaire, na ukoo wake wa kisayansi ukapewa jina lake yeye. Sina la kuongeza.

Ugomvi mkubwa ulitoka Kilimanjaro. Dada wa Moshi alituma fomu yake ya kwanza, na haikuwa ya bustani ya misheni wala ya bungalo la mkuu wa wilaya. Ilikuwa ya kihamba cha bibi yake, Old Moshi, yaani ardhi ya ukoo ambayo Wachagga huilima kuzunguka nyumba. Kundini pakachafuka. Mwalimu wa Tanga akaandika kwa upole wa mwalimu: "Binti yangu, hilo ni shamba." Naye akajibu, kwa heshima zote, "Shikamoo Mwalimu. Na Stuhlmann pale Dar alikuwa analima nini?"

Kundi lilinyamaza nusu siku. Mimi nilikuwa upande wake, na bado niko. Kuna Mkataba wa Florence kuhusu bustani za kihistoria, ulioandaliwa mwaka 1981 na kukubaliwa mwaka 1982 na ICOMOS, baraza la kimataifa la majengo na maeneo ya kihistoria, ambao wataalamu wa urithi duniani huutumia kama msahafu. Unasema bustani ya kihistoria ni mpangilio wa ujenzi na upandaji wenye thamani kwa umma kwa upande wa historia au sanaa, na unasema wazi kwamba neno hilo linahusu bustani ndogo sawasawa na kubwa. Sasa kiangalie kihamba. Juu kabisa miringaringa na mingine mirefu ya kivuli. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage. Mfongo unaleta maji kutoka juu mlimani, kwa zamu ambazo ukoo unazijua kwa saa. Ng'ombe yuko zizini, majani yanamfuata, samadi inarudi kwenye mgomba. Pembeni kumepandwa masale kuonyesha mpaka, na ukimkosea mtu, jani la isale ndilo unalompelekea kuomba msamaha, na kulikataa si jambo dogo. Makaburi ya waliopanda yako humohumo. Kama huo si mpangilio, basi sijui mpangilio ni nini. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kwa hiyo wala si sisi wa kwanza kusema.

Ugumu ulikuja kwenye safu. Kwa kihamba cha bibi yule, Nimesoma ilikuwa tupu, na Niliambiwa ilihitaji karatasi za ziada. Tarehe hazikuwepo. Bibi hakusema "mwaka fulani." Alisema mringaringa ule ulikuwapo kabla Mangi Meli hajanyongwa, na kahawa ya upande huu ilipandwa babu alipojiunga na KNCU. Hizo ni tarehe, tena nzuri: Meli, mangi yaani mtawala wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933. Tangu hapo kila mkoa una karatasi yake ya matukio, ya kumsaidia mjitoleaji kugeuza kumbukumbu ya mzee kuwa mwaka. Moshi wana mamangi na kahawa. Tanga wana kupanda na kuanguka kwa bei ya mkonge. Kote bara kuna Uhuru na vita vya Kagera. Unguja kuna Mapinduzi, na nyuma kabisa kuna kimbunga cha 1872, ambacho kiliilaza mikarafuu ya kisiwa.

Kuhusu ratiba, mtu yeyote atakayefanya kazi hii Kilimanjaro asijisumbue na Machi. Aende Desemba. Wachagga wote wako nyumbani, wazee wana watoto wao karibu, ndugu wanaogombana juu ya mpaka wanakaa meza moja, na sanduku lenye karatasi za babu linafunguliwa kwa sababu mwenye ufunguo katoka Dar. Sisi wengine tunapumzika mwezi huo. Dada wa Moshi ndipo anapofanya kazi yake yote ya mwaka, mwenyewe akilalamika kwamba anakula mtori wa watu hadi anaugua.

Unguja kulinifundisha kwamba kuratibu ni kujua nani apite mlango upi. Bustani zinazojulikana ziko mbele: Forodhani, iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub na kukarabatiwa mwaka 2009; Bustani ya Victoria; mabaki ya kasri la Mtoni. Hizo yeyote anaweza kuziandika. Kwa Mtoni tuna hata msimulizi wa ajabu, Bibi Salme binti Said, mtoto wa Sultani, aliyezaliwa pale mwaka 1844, akaondoka kisiwani mwaka 1866, na akachapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886. Ameueleza ua wa kasri, swala, tausi na mbuni wakitembea humo. Wanawake wetu waliliingiza hilo kwenye Nimesoma, na shangazi mtu akaongeza pembeni kwa kalamu: "Ameandika akiwa mbali, miaka ishirini baadaye, akikumbuka utoto." Sikumwambia aandike hivyo. Ndivyo safu ile inavyotakiwa kujazwa.

Lakini bustani za Unguja zilizo nyingi ziko nyuma ya nyumba, uani, na hakuna mwanamume mgeni atakayekaribishwa huko na futi kamba yake. Wao wawili wanapiga hodi, wanakaribishwa, wanakaa kwenye mkeka, na kahawa inakuja kabla ya swali. Wameandika asumini iliyopandishwa ukutani na mama mkwe aliyefariki zamani, mrihani kwenye kopo la mafuta, mkadi karibu na karo, mkiluwa ambao maua yake yanachumwa na bibi wa nyumba pekee kwa ajili ya harusi za ukoo. Walimwangalia bibi mmoja akifunga kikuba: mrihani chini, asumini kuuzunguka, kipande cha mkadi katikati, uzi mara mbili, kisha kilipomalizika akamchomekea shangazi mtu nyweleni na kusema, "Haya, andika na hicho." Kiko kwenye fomu. Hakuna kipimo cha mita hapo, na sitaki kiwepo. Eneo limeandikwa kwa jina la mtaa tu. Mwenye nyumba hataki lokesheni, basi.

Mambo ya lokesheni yenyewe tunayatazama kwa jicho kali. Kuna miti inayochunwa magome kwa dawa, kuna makaburi ndani ya vihamba, kuna nyumba za watu. Kwa hiyo nakala zetu ni mbili, moja ya kuonyesha na moja ya kutunza, na ya kutunza haizunguki kwenye simu.

Simu ndiyo ofisi yetu, na ni ofisi mbovu. WhatsApp inabana picha mpaka jani la mdalasini linafanana na la mwembe. Picha inatakiwa itumwe kama faili, na sheria hii naikumbusha kila wiki. Kwa kila mti tunataka picha nne: mti mzima na mtu amesimama kando yake, gome, jani pande zote mbili, na ua au tunda kama lipo, kwa sababu mti uleule una jina moja Tanga na jingine Kigoma. Simu zinaibwa, zinaanguka chooni, zinajaa video za mahubiri. Wazee wanapenda ujumbe wa sauti kuliko kuandika, nami nimeacha kuwakataza: sauti ya mzee akisema "huu alipanda baba" inafaa kuliko muhtasari wangu. Ila kila sauti lazima iandikwe na mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mimi.

Watu huondoka. Wanafunzi wanamaliza chuo, vijana wanapata ajira Dodoma, mwingine kaolewa. Nimeacha kumtafuta atakayekaa miaka mitano. Nataka akiondoka daftari lake lisomeke na mgeni, na atuachie jina la mtu mmoja anayemwamini. Mkoa ukikosa mtu, fomu zake zinakaa. Hakuna anayezijaza kwa kubahatisha kutoka Dar, hata nikiwa nina picha za setilaiti.

Baada ya masika Mwalimu anarudi Amani na mzee wake, kuufuata ule mstari wa mawe upande wa bondeni. Bagamoyo wanaanza na njia ya miembe ya misheni. Sehemu inayoninyima usingizi ni Pemba. Kimbunga cha 1872 kilichoilaza Unguja hakikuipiga Pemba vivyo hivyo, kwa hiyo mashamba yenye mikarafuu mikongwe na yale yaliyopangwa kuzunguka nyumba za zamani, tukiyatafuta, ni huko. Nina barua ya utambulisho iliyokwisha andikwa, nina fomu, nina fedha ya boti ya mtu mmoja kwenda na kurudi. Mtu mwenyewe sina. Awe mwenyeji, ikiwezekana mwanamke, anayejua kukaa mkekani bila kuangalia saa. Posho haipo.